Kabla Hujapanda Wae Rebo: Njia, Nyumba na Ardhi ya Manggarai

Makosa mengi ya safari ya Wae Rebo, kijiji cha mlimani chenye nyumba saba za duara, hufanyika mtu akiwa bado Labuan Bajo, mji wenye uwanja wa ndege. Ameshuka kwenye ndege kutoka Bali, amefungua ramani ya simu, ameona kijiji kiko palepale magharibi ya Flores, kisiwa hiki cha mashariki ya Indonesia, na amejihesabia kwamba jioni atakula huko. Haiwi. Flores ni milima mitupu na barabara yake ni kona juu ya kona, kwa hiyo safari huhesabiwa kwa saa. Labuan Bajo hadi Ruteng, mji wa baridi ulio makao makuu ya wilaya ya Manggarai, ni kama kilomita 130, nazo ni saa nne nzima. Kutoka Ruteng hadi Denge, kijiji ambacho wapandaji huanzia, ongeza saa tatu. Ipo njia ya pili, inayokata kusini kupitia bonde la mpunga la Lembor kisha kufuata bahari hadi Dintor, kijiji cha pwani kilicho chini ya Denge. Hiyo ni saa tano au sita kwa gari binafsi. Baada ya hapo ndipo miguu inapoanza kazi.

Anayeondoka Labuan Bajo mchana hufika Denge gizani akiwa na njaa na hasira, kisha hulazimisha kupanda kwa tochi kwenye njia yenye utelezi. Nawasihi msifanye hivyo. Laleni Denge, nyumba za kupokea wageni zipo, mpande asubuhi.

Tuanzie kwenye karatasi. Wenye pasipoti za Afrika Mashariki watazame kwanza kama nchi yao imo kwenye orodha ya viza inayotolewa uwanjani, kwa sababu orodha hiyo hubadilika. Aliyemo hulipa rupia 500,000, hupewa siku 30, na anaweza kuongeza siku 30 mara moja tu. Siku ya kuingia huhesabiwa kuwa siku ya kwanza hata kama umetua saa tano usiku. Anayezidisha hutozwa rupia 1,000,000 kwa kila siku, na wengi waliotozwa walikosea kuhesabu siku hiyo moja. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo hudaiwa.

Saa nazo huwaponza Waswahili kuliko watu wengine. Flores iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano, hilo ni jepesi. Gumu ni kwamba Waindonesia huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Akikuambia "jam empat pagi", yaani saa nne kwa maneno yake, anamaanisha saa kumi alfajiri. Kichwa cha Mswahili husikia "nne" kikaweka saa nne asubuhi, na gari limekwisha kwenda saa sita zilizopita. Andika muda kwa tarakimu, 04.00, umwonyeshe aliyekuambia athibitishe.

Fedha toeni Ruteng au Labuan Bajo. Huko mbele hakuna mashine ya kutegemea. Mashine hutoa noti za 50,000 au 100,000 tu, basi vunjeni dukani mpate za 5,000, 10,000 na 20,000, kwa maana mwenye bodaboda wa kijijini, ambaye huku huitwa ojek, hana chenji. Kulala Wae Rebo pamoja na chakula kumekuwa kukilipiwa karibu rupia 325,000 kwa mtu kwa miaka ya karibuni, kama dola 20 hivi. Ulizeni Denge kiwango cha sasa kabla ya kupanda. Juu yake wekeni nauli, kiongozi wa njia, na kitu cha kupokelewa nitakachokieleza mbele. Mtu mmoja anayesafiri peke yake huumia zaidi, kwa kuwa gari la kukodi na kiongozi havina nusu bei. Wawili au watatu wakiungana gharama hushuka sana.

Mvua kubwa ni Novemba hadi Machi, na mara nyingi Aprili bado inanyesha. Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya amani. Lakini hata katika kiangazi mchana mlimani hufunga ukungu, na usiku wa Ruteng au Wae Rebo, zote zikiwa juu ya mita 1,000, unataka sweta na soksi. Wengi huja na nguo za pwani tu kisha hawalali.

Kuna njia tatu za kufika Denge. Gari la kukodi linajieleza lenyewe. Pikipiki inapendwa, na kwa kuwa Waindonesia huendesha kushoto kama sisi, mtu hujiona yuko nyumbani. Hapo ndipo anapojisahau. Pikipiki nyingi za kukodisha ni za otomatiki. Mteremko mrefu wa Flores hauna gia ya kukushika, unabaki na breki peke yake. Breki ikishikwa dakika kumi mfululizo hupata moto, mafuta yake huchemka, na mkono unabana pasipo kitu. Omba pikipiki yenye gia za mguu, shuka kwa gia ya pili, na ukinusa harufu ya kuungua simama robo saa. Leseni ya kimataifa lazima iwe na muhuri wa daraja la pikipiki, siyo la gari tu, la sivyo bima ya safari haitalipa chochote. Mafuta jazeni kila mnapoona kituo. Vijijini huuzwa kwa chupa ya lita moja kando ya njia, ghali kidogo, na yanatosha kukuvusha.

Njia ya tatu ni oto kol. Hili ni lori lililowekewa mabenchi ya mbao na paa, ubavuni wazi, ndilo basi la watu wa Manggarai. Hubeba abiria, mchele, saruji, nguruwe aliyefungwa miguu na pikipiki moja juu. Ya Denge huondoka kituo cha Mena, Ruteng, asubuhi, nayo haiondoki mpaka ijae, kwa hiyo fika mapema ushike benchi la katikati. Nyuma ya magurudumu kila shimo linapiga uti wa mgongo. Kwa mwili ni karaha, lakini ukishuka utakuwa umekwisha julikana. Nusu ya kijiji imekuona, imejua unatoka wapi, na habari yako imetangulia.

Kutoka Denge barabara ya pikipiki husogea hadi mto wa Wae Lomba, ambapo ni kituo cha kwanza. Ukichukua ojek hadi hapo unaokoa miguu kwa ile sehemu isiyo na kivuli. Kuanzia Wae Lomba ni msitu na kupanda, saa mbili na nusu hadi tatu kwa mtu wa kawaida. Kituo cha pili, Poco Roko, kina upenyo wa kuona bahari na kisiwa cha Mules siku isiyo na ukungu. Beba lita moja na nusu ya maji, viatu vyenye meno, na mfuko wa plastiki wa kufunika simu na nguo za kulalia.

Ruba wapo wakati wa mvua. Wanangoja kwenye majani ya kando, huingia juu ya soksi na huuma bila maumivu. Vaa soksi ndefu, ingiza suruali ndani yake, na paka soksi maji ya tumbaku au sabuni ya mche. Akikushika usimvute wala usimchome kwa kiberiti, kwa sababu hutapika ndani ya kidonda. Mkwangue kwa ukucha pale mdomo uliposhika. Damu itatiririka muda kidogo kwa sababu mate yake huzuia kuganda. Bana kwa kitambaa na uache hofu.

Karibu na kijiji kuna kibanda, na ndani yake limening'inizwa pande la mianzi. Kiongozi wako ataligonga. Wengine wanaotangulia peke yao hulipita wakidhani ni pambo. Mlio huo ndio hodi. Ukilia, wazee walio bondeni wanajua wageni wanakuja na mmoja wao anakwenda kukaa kwenye nyumba kuu. Usipogonga unaingia kama mwizi, na mzee atabidi aitwe shambani aje akupokee huku wewe umesimama uwanjani, huna ruhusa ya kukaa wala kupiga picha.

Picha hasa. Ukitoka msituni zile nyumba saba za duara zinatokea chini yako kwa mara moja, na mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Uzuie. Kwanza unapelekwa Niang Gendang, nyumba ya ngoma, unaketi kwenye mkeka, na mzee anazungumza na mababu kwa Kimanggarai. Ibada hii inaitwa Waelu'u. Kiongozi wa kundi anatoa fedha kidogo kwa mkono wa kulia, akiushika kiwiko kwa heshima, bila kuzihesabu mbele ya watu. Baada ya hapo mgeni anahesabiwa mtoto wa Wae Rebo aliyerudi, na simu zinaweza kutoka mfukoni. Ibada hii ipokee kwa uzito wake, siyo kama kiingilio. Inachukua robo saa, nayo ndiyo inayokufungulia kila jambo linalofuata.

Watu wa Manggarai wana maneno matano yanayotaja kijiji kizima: mbaru bate kaeng, nyumba ya kukaa, natas bate labar, uwanja wa kuchezea, wae bate teku, maji ya kuchota, uma bate duat, shamba la kulima, compang bate dari, jukwaa la mawe la kutolea sadaka. Kikikosekana kimoja kijiji hakijatimia. Compang iko katikati ya uwanja, mduara wa mawe ulioinuka, na watoto wa wageni huikimbilia kuipanda. Usikanyage, usiegemee, usianike nguo hapo.

Nyumba yenyewe, mbaru niang, ina umbo la koni lililofika chini, paa na ukuta ni kitu kimoja, urefu wa mita kama 15, imeezekwa kwa manyasi na nyuzi nyeusi za ijuk, zitokazo kwenye mti wa jamii ya mtende, na kufungwa kwa henzirani bila msumari. Ina orofa tano. Chini watu wanaishi, familia sita hadi nane kuzunguka meko. Juu yake ni lobo, ghala la chakula na vyombo. Kisha lentar, mbegu za msimu ujao. Lempa rae, akiba ya ukame. Na kileleni hekang kode, sehemu ya sadaka za mababu. Nasimama hapa kidogo kwa sababu wageni wengi hulalamikia moshi wakadhani ni uzembe wa kutojenga bomba. Moshi ule unapanda ukipita kwenye mbegu na kuzuia wadudu, unakausha nyasi na henzirani, na ndio unaoiweka nyumba miaka mingi. Nyumba isiyowashwa moto huoza. Nyumba saba za Wae Rebo zilikuwa zimebaki nne mwaka 2008, ndipo wanakijiji wakishirikiana na msanifu majengo Yori Antar na wenzake wa Jakarta walipoanza kuzijenga upya kwa ufundi wa wazee. Mwaka 2012 UNESCO ilizipa tuzo yake ya juu ya urithi kwa Asia na Pasifiki. Mwenye pumu abebe dawa yake na aombe kulala karibu na mlango.

Usiku wa kwanza humtia mtu unyonge. Umelala sakafuni kwenye godoro jembamba safu moja na watu usiowajua, hakuna mtandao wa simu, jenereta imezimwa mapema, na giza la mle ndani ni zito kweli. Wengine hulia kimya kimya. Asubuhi ya pili hali hii huondoka, basi aliyepanga usiku mmoja na ana nafasi, alale miwili. Choo ni cha kuchuchumaa, nyuma ya nyumba, na maji ni ya kata, ya baridi ya kukata. Oga saa nane mchana, siyo jioni.

Chakula ni wali, mboga, yai au kuku, na kahawa mchana kutwa. Mswahili ataikuta mboga ya kisamvu, na huko mabondeni mlonge pia, na atakuta tambuu: popoo, mtambuu na chokaa, ambayo wao huiita cepa. Ukikaribishwa na bibi, pokea hata kama hutatafuna. Pombe ya mtende hutolewa kwenye shughuli. Asiyekunywa agusishe mkono kwenye kikombe na arudishe kwa shukrani, hakuna atakayekasirika. Manggarai wengi ni Wakatoliki na kwenye karamu nguruwe ni wa kawaida, mbwa pia huliwa sehemu nyingi za Flores. Mwislamu aseme Denge, kabla ya kupanda, kwamba anakula mboga na mayai, au kwamba kuku atachinja mwenyewe. Wamezoea, maana pwani ya Manggarai ina Waislamu wengi. Kibla huku ni magharibi, ukielekea kidogo kaskazini.

Mbwa wanaozurura wasikufanye uwapapase. Kichaa cha mbwa kiliingia Flores mwaka 1997 na hakijatoka. Akikuuma au hata kukulamba kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, kisha shuka siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya, puskesmas, uanze chanjo, na ikibidi Ruteng. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Kuchanja kabla ya safari kunakupa muda, na kwa kijiji ambacho kushuka tu ni saa mbili, muda huo una thamani.

Lugha itakusaidia kuliko unavyodhani. Kabar ni habari, waktu ni wakati, maaf ni samahani, sabun, meja, bendera, daftar, zote utazishika. Lakini kuku kwao ni kucha na dada ni kifua, kwa hiyo usimwite msichana dada. Sema kakak kwa yeyote aliyekuzidi kidogo, wa kike au wa kiume, Bapa na Mama kwa watu wazima. Ukitaka kupita mbele ya wazee sema tabe, ukiinama kidogo.

Sasa ardhi, ambayo ndiyo inayowagharimu watu kweli. Siku ya tatu au ya nne mgeni huanza kuona kilima kizuri kisicho na uzio, akauliza kinauzwa bei gani. Manggarai kuna usemi: gendangn one, lingkon pe'ang. Nyumba ya ngoma ndani, mashamba ya lingko nje. Maana yake hivyo viwili ni mwili mmoja, na kile kilima ni cha nyumba fulani hata kama miaka saba hakijalimwa. Lingko hugawanywa kuanzia kitovu, lodok, ambapo mti wa teno huchimbiwa kwa ibada. Kutoka hapo kamba zinavutwa hadi ukingoni, cicing, na kila familia inapata kipande cha pembetatu, moso, kilichopimwa kitovuni kwa upana wa vidole vya mkono. Kidole kimoja katikati kinaweza kuwa shamba kubwa huko nje. Anayegawa ni tu'a teno, mzee wa ardhi. Tu'a golo ni mzee wa kijiji. Ni watu wawili, na kuzungumza na mmoja ukamruka mwingine ndiko kunakozaa kesi.

Sheria ya nchi imesimama juu ya hayo. Sheria ya ardhi namba 5 ya mwaka 1960 inatambua haki ya jamii za asili, na kifungu cha 21 kinasema umiliki kamili, hak milik, ni wa raia wa Indonesia peke yao. Wajanja wa mjini watakuambia andika jina la rafiki mwenyeji, nawe ushike karatasi ya siri. Msikubali kamwe. Kifungu cha 26 kinasema uhamisho wa kumpa mgeni, wa wazi au wa kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia serikali, na fedha iliyolipwa haidaiwi. Rafiki akifa, warithi wake hawakujui. Mgeni mwenye ukaazi halali anaweza kupata haki ya kutumia, hak pakai, au kukodi kwa ajili ya jengo. Hata hapo anza kwa tu'a golo na tu'a teno, kisha mkuu wa desa, yaani kijiji cha kiserikali, kisha majirani wa pande zote watie saini kwenye mipaka wakiwa wamesimama juu yake, ndipo mthibitishaji wa hati, ndipo ofisi ya ardhi. Anayeanzia kwenye hati akamalizia kwa wazee hukuta mahindi ya mtu yamepandwa ndani ya kiwanja chake, na mwenye mahindi ana haki.

Kushuka ni rahisi kwa pumzi na kugumu kwa magoti, kata fimbo. Nunueni kahawa kwa mama aliyeitwanga, siyo Labuan Bajo, na msipigie kelele bei ya kitambaa cha songke, ni kazi ya wiki nyingi. Oto kol ya kurudi Ruteng hupita Denge alfajiri sana. Mwambie mwenye nyumba jioni, naye atakuamsha na kusimama barabarani na tochi.

Kilomita chache magharibi ya Ruteng, kwenye njia ya kurudi Labuan Bajo, shukeni mji mdogo wa Cancar mpande kilima cha Weol kabla ya saa nne asubuhi ukungu haujafunga. Kuna daftari la kusaini na mchango mdogo wa kuingia. Chini mtaona lingko zilizogeuzwa majaruba ya mpunga, duara kama utando wa buibui. Tafuta kitovu cha mojawapo, kisha fuata moso nyembamba kwa macho hadi ukingoni, uone pale ambapo kidole kimoja kimekuwa ekari.